Jinsi ya kupima habari za wageni wa angani kwa kalamu na ngumi

Kazi yangu ni kurusha maputo. Nazungumzia puto la hali ya hewa, la mpira mwembamba uliojazwa gesi nyepesi, ambalo chini yake huning'inia kisanduku chenye redio kinachopima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa kadiri linavyopaa. Likiondoka mkononi lina upana wa mita moja na nusu hivi. Likifika kilomita 30 juu, ambako hewa ni haba, limefura hadi mita 6 na zaidi, kisha linapasuka. Sasa fikiria jua limeshazama huku chini lakini kule juu bado linalimulika. Wewe uliye gizani unaona kitu cheupe cha duara, kimetulia kimya, hakina taa za ndege, halafu ghafla hakipo. Simu ya kituo inalia.

Simu hizo ndizo zilizonifundisha kuuliza maswali kwa mpangilio. Aliyeona kitu hapendi kuchekwa, na anayemcheka mara nyingi naye hajapiga hesabu yoyote. Utaratibu ninaoutumia ni huu hapa. Unahitaji kalamu, karatasi, kikokotoo cha simu na mkono wako mwenyewe.

Tenganisha maswali

Watu huchanganya maswali matatu wakadhani ni moja. Je, kuna viumbe wengine huko? Je, inawezekana kusafiri kutoka nyota moja hadi nyingine? Je, hiki kilichoonekana jana usiku ni chao? Anayekuletea habari ataanza na la kwanza, utakubali kwamba huenda wapo, na kabla hujameza mate ameshakurukisha hadi la tatu. Andika maswali hayo kwenye mistari mitatu, na kila hoja anayoitoa uiweke chini ya swali lake.

La kwanza sitalikalia. Sayari ya kwanza kugunduliwa ikizunguka nyota inayofanana na Jua ilitangazwa mwaka 1995, na leo sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu zimepita 6,000. Hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa na uhai. Utafutaji unaendelea, tusubiri. Ila wingi wa sayari hauthibitishi chochote kuhusu taa ya jana usiku, kwa hiyo usikubali ipachikwe kwenye mstari wa tatu.

Umbali: gawanya, kisha zidisha

Nuru hukata kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwaka wa nuru ni umbali inaoukata kwa mwaka mzima, takriban kilomita trilioni 9.46. Nyota ya karibu kuliko zote ukiliacha Jua ni Proxima Centauri, iliyo miaka 4.24 ya nuru kutoka hapa. Huna haja ya kuhangaika na sifuri zote hizo. Chukua 300,000, gawanya kwa kasi ya chombo katika kilomita kwa sekunde, halafu zidisha kwa umbali wa nyota katika miaka ya nuru. Unachopata ni muda wa safari kwa miaka.

Jaribu kwa Voyager 1, chombo cha Marekani kisicho na watu kilichorushwa Septemba 1977 na kutoka nje ya eneo la upepo wa Jua Agosti 2012. Kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde. 300,000 ukigawanya kwa 17 unapata 17,647. Zidisha kwa 4.24. Ni karibu miaka 75,000, na hapo nimekihurumia, maana hakielekei hata upande wa Proxima.

Jaribu kwa Parker, chombo chenye kasi kuliko vyote ambavyo binadamu amewahi kuvirusha. Desemba 2024 kilipita karibu na Jua kwa kasi ya kilomita 192 kwa sekunde. Miaka 6,600 na ushee. Tena kasi hiyo ni ya mkopo: mvuto wa Jua ndio uliokivuta kilipokuwa kikiliporomokea, na kinapoanza kupanda kuliacha, deni linalipwa.

Sasa geuza hesabu upande wa msimuliaji. Wapo wanaosema wageni wetu wanatoka Kilimia, lile kundi dogo la nyota zinazong'aa pamoja. Muulize ni mbali kiasi gani. Ni kama miaka 440 ya nuru. Chombo kinachokwenda asilimia 10 ya kasi ya nuru, kasi ambayo sisi hatujaikaribia, kitahitaji miaka 4,400 kwa safari ya kuja tu. Kilimia kina kasoro nyingine isiyosemwa: nyota zake ni changa, zina umri wa miaka milioni 100 hivi. Dunia ina miaka bilioni 4.5, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa na chochote kilicho hai zaidi ya vijidudu. Kule nani amepata nafasi ya kukua hadi kujenga chombo? Akikujibu kwamba ni wahamiaji waliopiga kambi tu, sawa, ataje walikotoka, na hesabu ianze upya kutokea huko.

Nishati: hapa kaa muda mrefu

Umbali watu huuzoea. Ukitaja trilioni mara tatu, ya nne haimshtui mtu. Nishati ndiyo inayonyamazisha meza.

Kanuni ni ile ya darasani: nusu ya uzito kwa kilo, mara kasi, mara kasi tena, kasi ikiwa katika mita kwa sekunde. Chukua kilo moja, ya kitu chochote. Ipe asilimia 10 ya kasi ya nuru, yaani mita 30,000,000 kwa sekunde. Nusu mara 30,000,000 mara 30,000,000. Jibu ni jouli trilioni 450. Bomu lililoangushwa Hiroshima lilitoa jouli trilioni 63 hivi. Kwa hiyo kila kilo moja unayotaka kuisafirisha kwa kasi hiyo inadai nishati ya mabomu saba ya Hiroshima, na hapo hatujahesabu kinachopotea njiani kama joto.

Panda hadi chombo cha tani 1,000, chenye watu, chakula, maji na mahali pa kulala. Nishati yake ya mwendo inafika kama robo tatu ya nishati yote ambayo wanadamu wote hutumia kwa mwaka mmoja: mafuta, makaa ya mawe, gesi, umeme, vyote. Kisha kumbuka jambo ambalo hadithi nyingi hulisahau, kwamba mgeni wetu alisimama. Alielea juu ya miti, akamulika mwanga. Kusimama kutoka kasi hiyo kunadai nishati nyingine kama ileile, na aliibeba tangu alikotoka au alikuwa na njia ya kuipata huku.

Kama chombo ni roketi ya kawaida inayochoma mafuta, usijisumbue. Mwanasayansi wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, aliandika mlinganyo wa roketi mwaka 1903 na mpaka leo haujapata wa kuukwepa: ukitaka kasi iliyo kubwa mara nyingi kuliko ya gesi inayotoka nyuma, mafuta yanayohitajika hayaongezeki kwa kujumlisha, yanajizidisha. Gesi ya roketi nzuri hutoka kwa kilomita 4.5 kwa sekunde hivi. Ukiitaka ikupeleke asilimia 10 ya kasi ya nuru, kilo za mafuta kwa kila kilo ya chombo zinakuwa namba yenye tarakimu karibu 2,900. Atomu zote za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kwa namba yenye tarakimu 80 hivi.

Ndiyo maana wanaolichukulia jambo hili kwa uzito walishaachana na mafuta ya kuchoma zamani. Kati ya 1973 na 1978 wanachama wa British Interplanetary Society, chama cha Uingereza cha wapenda safari za anga, walichora chombo kiitwacho Daedalus, kisicho na watu, cha kwenda nyota ya Barnard iliyo miaka 6 ya nuru hivi. Kingesukumwa na milipuko midogo ya muungano wa viini vya atomu, kikabeba tani 50,000 za mafuta, kikafika asilimia 12 ya kasi ya nuru na kuchukua kama miaka 50. Mbele kilipangiwa ngao ya berili, metali nyepesi. Sababu ya ngao utaiona ukirudia kanuni yetu kwa punje ya vumbi ya miligramu moja: ukiigonga kwa asilimia 10 ya kasi ya nuru, inalipuka kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100 za TNT. Daedalus hata breki hakikuwa nazo. Kingepita kwa kasi ileile, kipige picha, kiendelee zake.

Mwaka 2016 tajiri Yuri Milner na mwanafizikia Stephen Hawking walitangaza mpango wa Breakthrough Starshot: vyombo vya uzito wa gramu chache tu, kila kimoja na tanga jepesi, visukumwe na leza zilizo ardhini zenye jumla ya nguvu ya gigawati 100 hivi hadi asilimia 20 ya kasi ya nuru. Proxima ingefikiwa kwa miaka 20 na kitu, halafu picha zichukue miaka minne na zaidi kurudi. Hakijaruka hata kimoja. Ila angalia mwelekeo: kila anayepiga hesabu kwa uaminifu anajikuta akipunguza uzito na kuondoa abiria.

Huenda mtu akakutajia Einstein: ukienda karibu na kasi ya nuru, saa yako inapunguza mwendo. Kweli kabisa. Kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru, mwaka mmoja wa abiria ni miaka saba ya walioachwa nyumbani. Mwambie na bei yake pia: kilo moja kwa kasi hiyo inadai nishati mara 1,200 ya ile tuliyoihesabu mwanzo.

Usiweke kalamu chini mapema

Asiyeamini mambo haya akifika hapa hufunga daftari akidhani ameshinda. Hajashinda, na mimi humkatisha furaha kwa makusudi. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, yaani kundi kubwa la nyota ambamo Jua letu limo, ina upana wa kama miaka 100,000 ya nuru. Kwa asilimia 10 ya kasi ya nuru unaivuka kwa miaka milioni moja. Galaksi yenyewe ina zaidi ya miaka bilioni 10. Mashine isiyochoka, inayoweza kujitengeneza upya kila inapofika, ingekuwa imeshaizunguka yote mara nyingi hata kama ingesimama miaka maelfu kila kituo. Mwanafizikia Enrico Fermi aliliona hilo mwaka 1950, akiwa mezani na wenzake kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, wakila mchana, akauliza wako wapi basi. Swali lake lina makali kwa sababu safari inawezekana, kwa mwenye subira.

Kwa hiyo "ni mbali mno" ni hoja dhidi ya rubani mwenye haraka. Haigusi chombo kidogo kilichotumwa kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Kwangu mimi, kama kuna chochote kitakachotufikia kutoka nyota nyingine, kitakuwa mashine ndogo, baridi, isiyojali kama tunaiangalia. Yule mwenye kichwa kikubwa na macho meusi anayekuja kuchukua vipimo na kurudi kwao kabla ya alfajiri amezuiwa na hesabu ya nishati, si na mimi.

Uliza walijuaje

Hili ni swali fupi na linafanya kazi kubwa: walijuaje kwamba tupo, na habari iliwafikia lini?

Hadithi inayopendwa ni kwamba wageni walivutwa na mabomu ya atomiki ya mwaka 1945, ndiyo maana chombo chao kikaanguka karibu na Roswell, New Mexico, katikati ya mwaka 1947. Hesabu. Mwanga wa bomu la kwanza, la Julai 1945, ulikuwa umekata miaka miwili ya nuru kufikia Julai 1947. Nyota ya karibu iko 4.24. Habari haikuwa imefika hata nusu ya njia, na mgeni ameshaanguka. (Jeshi la anga la Marekani lilieleza mwaka 1994 kwamba mabaki yale yalikuwa ya mradi wa siri wa Mogul: mlolongo wa maputo yaliyobeba vifaa vya kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Sisi warusha maputo hatukushangaa.)

Matangazo yetu ya redio nayo yana kama miaka 100 tu, kwa hiyo yamefika miaka 100 ya nuru, na kwa unyonge mkubwa. Anayetaka kuwatetea wageni ningemshauri aachane na mabomu na redio, ashike oksijeni. Hewa ya Dunia imekuwa na oksijeni kwa zaidi ya miaka bilioni mbili, na mwenye darubini nzuri angeweza kuisoma kutoka mbali. Hapo ana hoja, na mimi nitamsikiliza.

Ukiona taa, nyoosha mkono

Tuje kwenye mstari wa tatu. Ukiona kitu, usikimbilie kamera kwanza. Simama au kaa, egemea ukuta, kiweke kitu hicho usawa wa ukingo wa paa, nguzo au tawi. Taa moja katika giza huonekana kama inacheza hata ikiwa imetulia tuli, kwa sababu jicho halina cha kulishikiza. Ukingo wa paa utakuambia kama kweli inakwenda.

Kisha pima. Ngumi yako, mkono ukiwa umenyooka, inafunika kama nyuzi 10 za anga. Kidole kidogo ni nyuzi moja. Mwezi mzima ni nusu nyuzi tu, ambalo watu hubisha hadi wajaribu. Andika saa kamili, upande, kimo kutoka upeo wa macho kwa ngumi, kimesogea ngumi ngapi na kwa sekunde ngapi, na kimetoweka vipi: kwa kufifia, kwa kuzimika, au nyuma ya kitu.

Usiandike ukubwa kwa mita wala umbali kwa kilomita. Huvijui. Kwa taa iliyo peke yake angani hakuna jicho la binadamu linaloweza kutofautisha kitu kidogo cha karibu na kikubwa cha mbali, na usipojua umbali huwezi kujua kasi. Hili nalirudia kwa kila anayepiga simu, wakiwemo watu waliozoea anga kuliko mimi.

Ukiwa na vipimo hivyo, vitu vingi vinajitaja. Taa nyeupe isiyomemeteka, inayovuka anga kwa dakika nne hadi sita na pengine kufifia katikati ya safari, ni setilaiti au kituo cha anga cha kimataifa kikiingia kwenye kivuli cha Dunia. Kituo hicho huizunguka Dunia kila baada ya dakika 90 hivi, kwa hiyo unaweza kukingoja kirudi. Mstari wa taa nyingi zinazofuatana ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Taa kali ya magharibi baada ya machweo, inayoshuka kama ngumi moja na nusu kwa saa, ni Zuhura. Nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe inayopigapiga, ni ndege inayokwenda kule unakoangalia. Kimondo huisha kwa sekunde chache. Kipande cha roketi kinachorudi huenda polepole, hukatika vipandevipande na kuacha mikia sambamba, na huonekana na watu wa nchi kadhaa kwa wakati mmoja. Puto langu husogea na upepo wa juu, ambao mara nyingi haufanani na unaokupuliza usoni, na vituo duniani hulirusha kwa pamoja karibu na saa 00:00 na saa 12:00 za saa ya dunia (UTC), yaani saa tisa usiku na saa tisa alasiri za Afrika Mashariki.

Kitakachobaki bila jina kiite hivyohivyo: hakijatambuliwa. Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani, uliofungwa mwaka 1969, ulikusanya taarifa 12,618 za vitu vilivyoonekana angani, na 701 zilibaki hazijatambuliwa. Wengine huitaja hiyo 701 kama idadi ya vyombo vya wageni. Ni idadi ya mafaili ambayo maelezo yake hayakutosha au hayakuoana na kitu kinachojulikana.

Video: omba faili lenyewe

Mpwa wangu ameshakata shauri kwamba serikali inanilipa nifiche mambo. Usiku mmoja alinitumia pembetatu ya kijani inayowakawaka juu ya meli ya kivita, na chini yake maneno: "Mjomba, na hii nayo utasema puto?"

"Hapana mjomba, hii si puto. Angalia zile taa ndogo pembeni. Zina umbo gani?"

Alikaa kimya kidogo. "Nazo pembetatu."

Basi. Lenzi ikikosa fokasi, kila nukta ya mwanga hugeuka umbo la tundu ambalo mwanga unapitia. Tundu likiwa la pembe tatu, anga lote litakuwa na pembetatu. Video ile ilipigwa mwaka 2019 kutoka meli ya jeshi la majini la Marekani, na Mei 2022 ofisa wao, Scott Bray, aliwaeleza wabunge kwamba ni mwanga uliopita kwenye kifaa cha kuonea usiku kisha ukanaswa na kamera. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu umbo, tafuta taa nyingine ndani ya picha hiyohiyo. Na omba faili la awali kutoka kwenye simu iliyorekodi, maana likishasambazwa mara kadhaa linapoteza saa, mahali na nusu ya ubora wake.

Video nyingine ya jeshi hilo, ya mwaka 2015, iitwayo Gofast, inaonyesha kitu cheupe kikifyatuka juu ya maji kwa kasi ya kutisha. Uzuri wake ni kwamba namba zote ziko kwenye kioo: kimo cha ndege, pembe ya kamera, umbali. Chora pembetatu. Ndege iko futi 25,000. Kitu chenyewe kinatokea kiko futi 13,000 hivi, mbali kabisa na maji. Mwendo mkali unaouona ni wa ndege iliyobeba kamera. Bahari ya nyuma ndiyo inayokimbia. Jopo la NASA lilipopiga hesabu hiyo katika ripoti ya Septemba 2023 lilipata wastani wa kilomita 64 kwa saa. Kwenye kimo hicho upepo hufikia kasi hiyo siku nyingi tu; kuupima ndiyo mshahara wangu.

Mashahidi: mmoja mmoja, na kalamu kabla ya mdomo

Septemba 16, 1994, watoto wapatao 60 wa shule ya Ariel huko Ruwa, Zimbabwe, walisema wameona wakati wa mapumziko kitu kinachong'aa kimetua nje ya uwanja, na viumbe wenye macho makubwa. Wengi wao, sasa watu wazima, hawajabadilisha kauli. Sitawaita waongo, na nakushauri usiwaite. Lakini kama ungekuwa wewe uliyepelekwa kuchunguza, ungehitaji kujua mambo mawili. La kwanza: siku mbili kabla, usiku, moto mkubwa ulikatiza anga la kusini mwa Afrika, kipande cha roketi ya Urusi kikirudi, na redio zikajaa simu za watu waliodhani ni chombo cha wageni. Watoto waliingia shuleni wiki hiyo wakiwa wamesikia. La pili: wachunguzi walifika siku kadhaa baada ya tukio, watoto wameshaongea wao kwa wao, na baadhi ya mahojiano yakafanywa wakiwa kwenye makundi.

Hayo hayaelezi walichokiona. Yanaeleza kwa nini sasa hakuna njia ya kukijua. Siku ikikutokea, watenganishe mashahidi papo hapo. Kila mmoja achore kabla hajafungua mdomo, aandike saa na alipokuwa amesimama. Uliza "kisha ikawaje?" na usiulize "kilikuwa na madirisha?" Michoro ikilingana kwa watu ambao hawajaongea, una kitu. Na kama wamesimama mahali pawili tofauti na wote wamepima upande na kimo kwa ngumi, una kitu bora zaidi: mistari miwili inayokatana, yaani umbali.

Waliofika kweli

Vitu vitatu kutoka nje ya mfumo wa Jua vimeshaonekana vikipita: 'Oumuamua, kilichogunduliwa Oktoba 2017 na darubini ya Hawaii, Borisov, mwaka 2019, na 3I/ATLAS, kilichoonwa Julai 2025 na darubini iliyoko Chile. Tunajuaje ni wa nje? Kwa kasi. Kitu cha kwetu kikiwa umbali wa Dunia kutoka kwa Jua hakizidi kilomita 42 kwa sekunde. Kikizidi, Jua haliwezi kukizuia. 3I/ATLAS kiliingia kikiwa na kilomita 58 kwa sekunde hata kabla Jua halijakivuta. Ni nyota yenye mkia, yaani kometi, inafuka gesi kama nyingine. Uvumi kwamba inakuja kututembelea ulinifikia mara nyingi mwaka ule. Kwa ukaribu wake wote ilibaki kilomita milioni 270 kutoka Dunia.

Ukiokota kipande

Hapa ndipo mstari wa tatu unaweza kuamuliwa bila kubishana. Elementi nyingi zina atomu za uzito tofauti, zinazoitwa isotopi, na uwiano wake katika mfumo wa Jua ni karibu uleule kila mahali kwa sababu sote tumetokana na wingu moja. Magnesi, kwa mfano, ina aina tatu: kama asilimia 79, 10 na 11. Chuma au magnesi iliyochimbwa kwenye sayari ya nyota nyingine ingetarajiwa kuwa na hesabu yake. Mwaka 2024 maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilipima kipande cha magnesi kilichodaiwa kwa miaka mingi kuwa cha chombo cha mwaka 1947. Isotopi zake zilikuwa za Duniani.

Kwa hiyo usikioshe, usikikwaruze, usikipitishe mikononi mwa watu. Kipige picha kikiwa palepale kilipolala, rula ikiwa pembeni, pande zote. Vaa glavu, kiweke kwenye chombo safi cha kioo chenye mfuniko, andika saa na mahali. Peleka chuo kikuu chenye idara ya jiolojia yenye mashine ya kupima isotopi, na usiwaambie unadhani ni nini. Omba tu uwiano wa magnesi, na wakiweza wa nikeli. Na kama kina kisanduku cheupe chepesi chenye antena na kamba iliyofungwa kwenye vipande vya mpira, soma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Ina maelezo ya kituo cha kupigia simu.